Kuni Mbichi za Mama Mkwe

Siku tuliyomzika mtoto wangu, wanawake wa mtaa walijaa uani kwetu wakaimba na kucheza. Sikukosea kuandika. Walijipaka pemba, ule udongo mweupe, mashavuni, wakaimba nyimbo za mapasa, za watoto pacha, zile zenye matusi ya utani yasiyosemeka mbele ya padri. Mimi nilikaa kwenye mkeka katikati yao, macho makavu, nikiwachukia mmoja mmoja.

Mapasa wangu walikuwa wasichana wawili wa miaka mitano. Surua iliwashika wote wawili katika juma moja. Mmoja akapona, mwenzake akatutoka asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto kwenye kikombe. Nilifungua kinywa kulia. Kabla sauti haijatoka, kiganja cha mama mkwe kilikuwa kimeshaniziba.

“Mapasa habaliliwaka,” akasema. “Ukimulilia huyu, atamwita mwenzake. Unataka wote wawili baende?”

Mama mkwe alikuwa ametoka Manono kuja kutusaidia watoto walipozaliwa, akabaki. Kwao pacha hasemwi kwamba amekufa. Husemwa ameenda kutafuta kuni. Mimi ni mtoto wa Kalemie, nimesoma kwa masista, na wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila asubuhi nilipanga watoto mbele ya bendera, kisha nikaingia darasani kuwafundisha kwamba surua huletwa na vijidudu. Nilijua vizuri kwamba chozi la mama haliui mtoto. Lakini nilimtazama yule aliyebaki, shingo yake nyembamba, madoa ya surua yakiwa hayajafutika, nikafunga kinywa. Elimu yangu yote iliishia pale.

Mume wangu alikuwa na bahati. Alifanya kazi kwenye reli, na siku chache baada ya mazishi treni ilimchukua kwenda Kabalo. Kama alilia huko njiani, nani angemwona? Mimi nilibaki na jirani aliyekuja kila siku kunipoza kwa kunikumbusha kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asante sana, mama. Kama nisingeambiwa, nisingejua.

Kilichonimaliza hasa ni mtoto. Alikuwa ameambiwa kama wengine kwamba mwenzake ameenda kutafuta kuni, naye akaamini, kwa nini asiamini? Mama muuza kuni alipopita na mzigo kichwani, mwanangu alikimbia mlangoni.

“Mama, umemuona dada yangu huko kwenye kuni?”

Yule mama alijua mila. Alijibu kila mara kwa upole uleule: “Leo sikumuona, mama. Labda alipita njia ingine.”

Na mezani mtoto aliacha nusu ya bukari yake, ule ugali wetu, na ndagala wawili watatu juu, akaifunika sahani. Mimi ndiye niliyeitoa akishalala. Siku moja nilimpiga mwanafunzi mmoja darasani kwa kosa la kucheka. Nilimwomba radhi baadaye, lakini alikuwa ameshaniogopa.

Katikati ya hayo, mama mkwe akanianzishia vita vya jikoni. Sisi watu wa mjini tulipika kwa makala, yaani mkaa, kwenye jiko la mbabula, na gunia la makala lilikuwa pale pale ukutani. Ghafla bibi hakutaka tena makala.

“Bukari ya makala haina ladha. Mie nitapika na kuni.”

“Mama, miaka mitano umekula bukari ya makala na hukulalamika.”

“Njo sasa ninalalamika.”

Akapanga mafiga matatu katika kijumba cha jikoni nyuma ya nyumba, kijumba chenye mlango mdogo na kidirisha cha kupitisha paka. Kila nilipotoka shule aliniita nikamsaidie. Kuni zilikuwa mbichi. Hazikuwaka, zilitoa moshi tu, moshi mzito wa kukata pumzi, nami nikipuliza na kukohoa huku machozi yananitiririka. Nikamwambia wazi kwamba mwanamke wa umri wake kutojua kuchagua kuni ni aibu. Alikaa upande wa pili wa mafiga, akijifuta uso kwa pembe ya kikwembe chake.

Sijui ilikuwa siku ya ngapi nilipogundua kwamba nakohoa kidogo na kulia sana. Moshi ulikuwa umepungua, machozi hayakupungua. Nililia hadi mabega yakatikisika, kisha nikatoka nje na kuosha uso, na jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nilimsuka mtoto nywele.

Hapo tu ndipo akili ya ualimu ikarudi. Tulikuwa katikati ya kiangazi. Mvua haikuwa imenyesha majuma mengi, vumbi la mtaa lilifika magotini. Kuni zilizolowa hivyo zinatoka wapi?

Siku iliyofuata niliwahi kurudi. Nilimkuta mama mkwe nyuma ya jikoni amechutama, ndoo ya maji ya ziwa mbele yake, anachovya kuni moja moja na kuziegemeza ukutani. Aliponiona hakushtuka.

“Mama,” nikasema, “ni nani alikufundisha hii?”

Alichovya ukuni mwingine kabla ya kujibu.

“Mama mukwe wangu. Mie pia nilizaa mapasa. Bwana yako njo mwenye alibakia.”

Miaka saba nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile, na sikuwahi kuambiwa kwamba mume wangu alizaliwa na mwenzake. Niliona haya kwa kila neno nililomrushia yule bibi juu ya moto. Nilichutama kando yake, nikachukua ukuni, nikauchovya. Kisha tukaingia ndani, tukawasha, tukakaa, tukalia pamoja bila kutajiana lolote.

Mlango ukatiwa giza kidogo. Mtoto alikuwa amesimama pale, anatutazama.

“Mama, unalia?”

“Hapana,” nikasema. “Ni moshi.”

Akamgeukia bibi. Bibi naye alikuwa anajifuta. Mtoto aliingia, akaketi katikati yetu, akausogeza uso karibu na mafiga kuliko sisi, makusudi, macho wazi.

“Na mie unaniingia,” akasema.

Akalia. Alilia akimwita mwenzake kwa jina, jina ambalo hakuna aliyelitamka katika nyumba ile tangu mazishi. Nikamtazama mama mkwe kwa hofu, nikingoja kile kiganja. Bibi alinyoosha mkono, akaongeza ukuni motoni.

Kesho yake mama muuza kuni akapita, na mtoto akatimka mlangoni kama kawaida yake. Nilisimama uani, nikazuia pumzi, nikilisubiri lile swali.

“Mama,” akamwuliza, “leo uko na zenye kuwa mbichi?”