Kodi Anayotaka Bi Mwanaidi

Jamani wa Kisarawe, leo nimeulizia kodi ya nyumba huku Misugusugu na hadi sasa nimeduwaa.

Mnajua huko nalipia chumba kimoja, tena kinavuja. Mke wangu Zuhura anakaribia kujifungua, nami nimepata kazi ya kushona huku.

Nikaoneshwa nyumba nzima. Vyumba viwili, baraza, makuti mapya. Mwenyewe ni Bi Mwanaidi, anakaa jirani.

"Shikamoo mama. Kodi yake kiasi gani?"

"Marahaba. Una mke?"

"Ninaye. Ni mjamzito."

Akageuka kuitazama nyumba. Nikajua ameghairi.

"Alijijengea mwanangu," akasema. "Akaenda vitani, hakurudi. Kila mwaka naiezeka, na kila jioni naiona giza tupu. Hamieni. Kodi yangu ni mniwashie taa humo."

Nikadhani sikusikia vizuri, nikauliza tena ni shilingi ngapi.

Akanitia ufunguo mkononi.

Nikafagia palepale. Magharibi nikawasha kibatari barazani. Bi Mwanaidi akatoka, akaketi mlangoni kwake akakiangalia, mpaka nikaona haya kukizima.

Kesho namfuata Zuhura.

Hebu niambieni, mtu kama huyu ninyi mngemshukuruje?