Wimbo wa Mwisho, Upande B

Kila nikifungua kasha la kanda, ile harufu ya plastiki hunirudisha Kariakoo, dukani kwa mama, tulikouza vitenge enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumwagika mitaani.

Wenzangu walihusudu dansi. Mimi, msichana wa miaka kumi na mbili, nilipenda roki nzito, tena ile ya kujitia usomi, yenye nyimbo ndefu zinazobadilika mwendo pale tu unapodhani umezizoea. Aliyeniambukiza ni kaka Nilesh, jirani yetu wa ghorofani, aliyekuwa akiwarekodia watu kanda. Aliazima albamu moja kwa rafiki yake, akanirekodia, kisha rafiki huyo akaichukua albamu yake na kuhama nayo nchi. Nakala ikabaki yangu tu.

Niwaambie ukweli, wimbo wa pili wa albamu ile ni mbovu; mwimbaji analia kama aliyebanwa kidole na mlango. Nausamehe. Lakini ule wa mwisho, upande B, sijasikia mfano wake mpaka leo. Gita linaanza peke yake, ngoma zinaingia kwa kunyata, halafu vyote vinapanda pamoja hadi mwili unanisisimka. Nilikuwa nikiufuata kwa kupiga mguu sakafuni, na kila mara nilipotea njiani.

Mama aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika. Muziki wangu aliuita makelele ya gereji za mtaa wa Gerezani.

Wanakwaya wa wakati ule walijirekodi nyumbani ili wasikie wanapokosea, na kanda yoyote iliyokuwa karibu ilifaa. Mimi nilisahau kuvunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ambavyo vikivunjwa kanda hairekodiki tena. Jumamosi moja nikaingia sebuleni nikamkuta mama ameinamia redio, kitufe chekundu kimebonyezwa, anaimba. Ndani mlikuwa na kanda yangu. Nikaangua kilio.

“Mama, umeifuta.”

“Nani kafuta? Nilingoja wamalize.”

Vitufe vya kupeleka mbele na kurudisha nyuma vilishakufa, kwa hiyo nilizungusha kanda kwa kalamu ya biki, kisha nikaisikiliza. Wimbo wa mwisho ulikuwapo wote, mpaka gita linapofifia. Baada yake ikafuata sauti ya mama akiimba.

“Na huo wa mwisho,” akasema akikunja vitenge, “wanahesabu mapigo saba, siyo manne. Ndiyo maana mguu wako unapotea.”

Siku ile nilifurahi tu kwamba kanda imepona. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na mama hayupo tena wa kumshukuru: alikuwa ameketi mbele ya redio ile upande mzima, kidole tayari, akiyasikiliza makelele yangu hadi mwisho, na kunitafutia mle ndani mahali nilipokuwa napotea.