Chini ya Mchanga wa Mto Simiyu

Kwenye kikao cha harusi pale Bariadi mjini nilisema mbele ya watu wazima kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kunishtua tena, na hakuna aliyenibishia. Nani anibishie? Mimi nimeishia darasa la nne. Nilianza kununua pamba kwa baiskeli, nikizunguka Lalago na vijiji vyake vumbi likinijaa mpaka kwenye nyusi. Leo nina Fuso mbili, mashine ya kukoboa mpunga, na nyumba ya wageni Lamadi ambayo maji ya moto yanatoka ukutani. Nimeibiwa, nimefilisika, nimeinuka. Nimepinduka na lori nikatoka dirishani simu ikiwa mkononi, bado naongea na mteja. Kwa hiyo niliposema sishtuki, nilikuwa nasema ninachokijua.

Basi likizo ilipofika nikawapeleka wanangu kijijini. Binti yangu wa mwisho kazaliwa mjini, maji anayajua ya bomba tu, nikasema mwache akaone baba yake alikotoka. Tulifikia kwa mdogo wangu, yeye ndiye aliyebaki kwenye mji wa wazazi, na ana watoto wa rika la binti yangu. Asubuhi tukashuka bondeni kundi zima, mimi mbele kama mwenye nchi, nikiwaonyesha kila kitu kwa fimbo.

Bonde letu, rafiki yangu, kama hujafika, nikuelezee. Ukitoka kwenye mashamba ya pamba unakutana kwanza na mawe, makubwa kama nyumba, yamekaliana moja juu ya jingine, mengine yamekaa vibaya mpaka unajiuliza yanangoja nini kuanguka. Moja lina mgongo laini sana, na huo mgongo tuliulainisha sisi kwa makalio yetu. Unakalia tawi la majani mabichi, mwenzako anakusukuma, unateremka mpaka kwenye nyasi huku meno yanagongana. Kaptula zote zilikuwa zimetoboka nyuma. Bibi alitia kiraka juu ya kiraka, akawa anasema wajukuu wake tutaoa tukiwa na viraka na wakwe watadhani ni mtindo.

Ukiyapita mawe ndipo unauona mto. Kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu, mweupe, mpana, unang'aa mpaka unafumba jicho moja. Humo tulicheza mpira wa matambara jioni, mchanga ukianza kupoa miguuni. Mfukoni una michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, unavitafuna vikavu na karanga mpaka taya zinauma. Kwenye kona palibaki dimbwi, tukaoga humo na kuwapapasa kambale kwa mikono. Yote hayo niliwasimulia watoto, na walicheka mahali pa kucheka. Nikakaa kwenye jiwe kupumzika. Nilipogeuka, binti yangu simwoni.

Nikamwita. Sauti ikaitika, lakini haikutoka kulia wala kushoto. Ilitoka ardhini.

"Baba, niko huku chini. Pana baridi nzuri."

Alikuwa ameingia kwenye kisima cha mchangani. Kilikuwa pale katikati ya mto, kimezungushiwa miiba, hatua chache tu kutoka nilipokaa. Mimi, mtu wa Fuso mbili, nilisimama nisiende. Nilitazama juu, jua lilikuwa kali. Nikatazama mashariki, kule kwenye mapori mto unakoanzia, nikaona wingu jeusi limelala chini. Hapo nikarudi kuwa mtoto wa darasa la tatu, nimechuchumaa ndani ya kisima chetu.

Wakati ule kila mji ulikuwa na kisima chake mtoni. Mto ukikauka juu, maji yanabaki chini ya mchanga, na kadiri kiangazi kinavyoendelea ndivyo mnavyochimba kuyafuata. Kisima chetu kilikuwa kipana juu na chembamba chini, ubavuni tumezuia mchanga kwa magogo na matawi. Mtu mzima hakuenea chini, kwa hiyo aliyeingia ni mtoto. Niliyeingia ni mimi. Nilikuwa nakalia visigino kwenye tope la baridi, nachota kwa kibuyu, najaza ndoo. Baba mdogo alisimama nusu ya shimo, kwenye kingo ya magogo, anaipokea ndoo, anaipandisha kwa jirani yetu aliyekuwa juu, na jirani anamwaga kwenye hori. Ng'ombe wanakunywa. Na jirani huyo, kama wachungaji wote wa kwetu, alikuwa anawapigia ng'ombe mluzi wanywe vizuri, mluzi mrefu, mpole, unaopanda na kushuka. Mle chini huoni kitu, juu kuna kipande cha mbingu kama sinia. Kinachokuambia kwamba dunia bado ipo ni ule mluzi.

Siku hiyo mluzi ulikatika.

Haukuisha kama mtu anayepumua. Ulikatika katikati. Nikainua uso, nikasikia kwato. Ng'ombe walikuwa wanaondoka horini kabla hawajatosheka, na ng'ombe wa kiangazi haachi maji bure. Mchanga ukaanza kumwagika taratibu ukutani, kama unga kwenye chekeche. Nikasikia jirani akisema, kwa sauti ndogo ambayo mpaka leo sipendi mtu aniongeleshe nayo, "Mtoe mtoto."

"Kuna nini?" baba mdogo akauliza.

"Mto unakuja. Mtoe."

Juu yetu wingu hakuna. Mvua ilinyesha mbali huko, sisi hatukuiona wala kuisikia. Baba mdogo akainama kunipa mkono, na alipoinama ile kingo aliyosimamia ikakatika. Gogo likaanguka, mchanga ukaja wote kwa pamoja, ukanifika mapajani. Kama hujawahi kushikwa na mchanga wenye maji, usidhani ni kama tope. Tope linateleza. Mchanga unakumbatia.

"Vuta mguu, ngosha," baba mdogo akaniambia. Kwa kwetu ngosha ni mwanaume, na hakuwahi kuniita hivyo kabla.

"Hautoki."

"Vuta mmoja kwanza. Uache huo mwingine."

"Hautoki, baba."

Nikaanza kuusikia mto. Haukuja masikioni, ulikuja tumboni, kupitia ule mchanga, kama ng'ombe wengi mno wanakimbia mahali. Baba mdogo alitazama juu mara moja. Nilimwona akitazama, na nilijua anapima nini, kwa sababu mimi pia ningepima. Kisha akashuka. Akajibana pale pasipoenea mtu mzima, kichwa chake tumboni kwangu, akawa anachimba kwa mikono kama mbwa huku anahema. Jirani akatupa kamba ya ngozi ya kufungia ng'ombe. Wakanifunga chini ya makwapa, na jirani akavuta. Nilidhani nitakatika vipande viwili, nusu ibaki kisimani. Kisha kitu kikaachia, nikapanda juu, na nyuma yangu kamba ikamrudia baba mdogo.

Kilichoachia kilikuwa kaptula. Ilibaki chini na viraka vyake.

Tulikimbia kwenye mchanga mpaka ukingoni, mimi uchi, jirani amenishika mkono mmoja, baba mdogo anatambaa kwa miguu na mikono kupanda udongo. Tukageuka. Mto haukuja kama ukuta, wanavyosimulia waongo. Ulikuja mfupi, wa kahawia, umebeba povu na matawi na mavi ya ng'ombe, na nyoka amejiviringisha juu ya gogo, unaulamba mchanga na kuumeza. Ulipofika kwenye kisima chetu ulizama kidogo, kikatoa sauti kama mtu anayemaliza kunywa uji, na ule uzio wa miiba ukaelea, ukaenda zake. Kufumba na kufumbua uwanja wetu wa mpira ulikuwa maji, ukingo hadi ukingo.

Bibi alikuwa amefika mbio. Alinifunga khanga yake, akaninusa kichwani kama ng'ombe anavyonusa ndama. Baba mdogo alikuwa amekaa chini, kucha zinamtoka damu, akasema, "Huyu, mto umemvua nguo kabla mke hajamvua." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Maisha yangu yote nimeendelea kucheka hivyo hivyo. Lakini nakuambia wewe peke yako: mara ya kwanza kupanda lifti Dar es Salaam, mlango ulipojifunga nilimshika mkono mzee mmoja nisiyemjua mpaka ghorofa ya sita, naye kwa utu wake hakuutoa.

Sasa turudi kwa binti yangu. Nilikwenda kisimani, nakubali, kwa tumbo. Nililala chini nikajikokota, nikiogopa uzito wangu usiangushe ule mchanga. Watoto wa mdogo wangu walikuwa wamesimama pale pembeni, hawana wasiwasi wowote.

"Baba mkubwa," mmoja akaniuliza, "mbona unatambaa kama kenge?"

Nilichungulia. Alikuwa chini kabisa, amechuchumaa, uso wake umeelekea juu, mdogo kama kikombe, na mkononi ana kibuyu. Nikamwambia anipe mkono. Akasema ngoja ajaze ndoo. Nikamwambia tena, na nadhani nilitumia ile sauti ndogo ya jirani, maana aliacha kibuyu palepale akapanda. Nilipomshika kifundo cha mkono sikumwachia mpaka tulipofika nyumbani, akilalamika njia nzima kwamba namuumiza.

Siku ile mto haukuja. Wingu lilimwaga mahali pengine. Jioni shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, aliweka ugali na mlenda, akaniona sili.

"Shemeji, umekasirika kwa ajili ya kisima?"

"Watoto wasiingie mle tena."

"Wanaingia kila kiangazi. Hata wewe maji unayonawa wameyachota wao." Akasogeza bakuli. "Wasipoingia wao, tunakunywa nini?"

Nilinawa mikono, nikatoka nje na simu yangu.

Leo ukishuka lile bonde utakuta mchanga mtupu. Visima vimefukiwa, miiba wameichukua kuni. Ng'ombe wanakunywa kwenye hori la saruji karibu na nyumba, na wachungaji wamevaa vitu masikioni, hakuna anayewapigia mluzi. Mpira wanachezea uwanja wa shule. Lile jiwe letu nalo limeanza kukwaruza, nililikalia nikahisi, limeota ukungu kwa kukosa makalio. Baba mdogo hayupo, bibi hayupo, jirani alihamia Mwanhuzi akafia huko. Pale kijijini wananisifu, wanasema nimekumbuka nyumbani, na mimi napokea sifa zangu kama kawaida. Wenye mashine ya kuchimba visima walikuja na lori lao, shimo la kwanza wakakuta mwamba mkavu, la pili ndilo likatoa maji, na yote mawili nikalipa mimi: shilingi milioni kumi na tisa, laki nne na elfu thelathini na tano.