Kidirisha cha Bani Kisichojua Kimefika Wapi

Mota ya waipa ya lori bovu, betri mbili za gari, sproketi mbili za baiskeli, waya wa chuma wa kutosha kuzungushia banda la kuku, na beberu mmoja aliyeliwa kabla kazi haijaanza. Hiyo ndiyo gharama ya kidirisha kile cha karibu na Ipole. Nimeihesabu mara mbili, na mara zote mbili beberu ameshaliwa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa na meza ya spea za baiskeli sokoni Tabora. Dada yangu alikuwa ameolewa kwenye kijiji hicho cha karibu na Ipole, njia ya Sikonge, na mumewe alikuwa mlinda moto wa bani, ile nyumba ya matofali ya kukaushia tumbaku. Kazi hiyo alipewa kwa sababu ya mguu. Alianguka mtini akipandisha mzinga wa nyuki, mfupa ukaunga vibaya, tangu hapo jembe hakuliweza. Na kwenye shamba la pamoja asiyefanya kazi haandikiwi siku, asiyeandikiwa siku hapati mgawo. Bani ndilo lililokuwa jembe lake.

Sasa akaunguza tumbaku ya bani zima. Bani halitaki mtu alale karibu wiki nzima, naye akasinzia, joto likapanda, majani yakatoka meusi. Kamati ya kijiji ikamwambia wazi: likiungua la pili, moto anakabidhiwa mwingine.

Akadandia lori la kuni, akaja mpaka mezani kwangu.

"Shemeji, wewe unauza vyuma. Nitafutie chuma kisicholala."

"Kipo," nikamjibu kabla sijafikiri. Ndivyo tunavyouza.

Alipoondoka ndipo nikaanza kujiuliza kipo wapi. Joto la bani lilipunguzwa kwa kidirisha kilichokuwa juu, karibu na paa. Kikiwa wazi mno, majani yanapoa na kushika mabaka. Kikifungwa mno, yanaungua. Kwa hiyo hakikutakiwa kufunguka tu au kufunga tu. Kilitakiwa kikae mahali pake, na mahali penyewe palikuwa panahama kadiri kuni zinavyowaka. Nani atamwambia mota pa kusimama? Swali hilo lilinikaa kichwani hata nikawa nakosea chenji, jambo ambalo wateja wangu walilifurahia.

Nikatengeneza bani la debe uani, juu ya jiko la mkaa. Ndani nikapitisha waya wenye jiwe mwishoni. Waya ukipata moto unarefuka kiasi cha unene wa kucha, jiwe linashuka, ncha ya waya inagusa kipande cha shaba cha chini, umeme unapita, mota inafungua kidirisha. Waya ukipoa unapanda, unagusa shaba ya juu, mota inarudi kinyume. Kilifunguka na kufunga vizuri sana.

Mke wangu aliacha mchele aliokuwa anachagua, akaja kutazama.

"Debe linapumua," akasema.

"Linafanya kazi."

"Na mkaa wangu umekwisha."

Nikavibeba vyote mpaka kijijini. Mwenyekiti wa kijiji alinipokea kwa mashaka. "Ndugu mfanyabiashara, hapa hatuna pesa za bepari." Nikamwambia bepari angekuja na gari lake, mimi nimekuja juu ya magunia. Tukapatana wao watoe beberu, mimi nitoe vyuma, na tujaribu kwanza bani likiwa tupu.

Tukawasha moto. Joto likafika tulipotaka, mota ikalia, kidirisha kikafunguka. Lakini bani si debe. Debe linapoa ukigeuza shingo. Matofali yanashika joto mpaka umalize sahani ya ugali. Mota ikaona bado moto, ikaendelea kufungua mpaka mwisho. Bani lilipopoa, likapoa kupita kiasi. Ndipo mota ikafunga, nayo ikafunga mpaka mwisho. Joto likapanda, likapita. Mchana kutwa kidirisha kiliyumba hivyo, wazi kabisa, kimefungwa kabisa, hakijasimama katikati hata mara moja.

"Hiki hakilali," shemeji akasema, "lakini kimelewa."

Hakucheka. Majani yalikwishaanza kuchumwa na kufungwa kwenye fito. Yasingetusubiri siku nyingi.

Asubuhi lori likaleta kuni. Dereva alikuwa Mzaramo, na shemeji yangu Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani tangu enzi za misafara ya pwani, kabla hawajazaliwa. Dereva akirudi nyuma, shemeji akasimama kumwelekeza.

"Njoo! Njoo! Njoo! Njoo!" Sauti ile ile, mwendo ule ule. Lori likaja likagonga nguzo ya banda la fito. "Haya, umefika!"

Dereva akashuka. "Mnyamwezi wee! Babu yako alibeba pembe za watu mpaka pwani bila kujikwaa, wewe lori tu hujui kulielekeza?"

"Alibeba, akamkuta babu yako amelala kivulini. Mguu uliokanyaga mafuta ni wako huo, au wangu?"

"Ungesema 'kidogo'! Njoo, njoo, kidogo, kidogooo, hapo! Mtu anaambiwa amebakiza kiasi gani, haambiwi tu aje!"

Wakacheka, kwa watani nguzo haidaiwi. Mimi nilibaki nikiitazama. Mota yangu ilikuwa inaambiwa "njoo" tu. Hakuna aliyeiambia imebakiza kiasi gani.

Vile vipande vya shaba nilikuwa nimevipigilia ukutani. Nikaving'oa, nikavipachika kwenye ubao mdogo unaoteleza, na ubao nikaufunga kamba mpaka kwenye kidirisha, kupitia zile sproketi, kubwa na ndogo, ili mwendo mrefu wa kidirisha uwe mfupi kwenye ubao. Sasa kidirisha kikifunguka kidogo, ubao nao unashuka kidogo, shaba inaikimbia ncha ya waya, mota inasimama. Joto likizidi tena, kinafunguka tena kidogo. Joto kidogo, wazi kidogo; joto jingi, wazi zaidi. Tukawasha moto. Mota ikalia, ikanyamaza. Ikalia, ikanyamaza. Kidirisha kikasimama katikati.

"Kimejuaje?" mwenyekiti akauliza.

"Kinajitazama," nikasema, nami nilikuwa bado nashangaa.

Bani likapakiwa majani. Yalitoka ya manjano, ila ya fito za juu yalikuwa yamekolea rangi kupita kiasi. Kamati ikayashika, ikayanusa, ikabishana, ikaamua shemeji abaki na moto wake, kwa sharti kwamba yale ya juu yasirudie kukolea.

Hapo ndipo penye tatizo. Kidirisha kilisimama vizuri, lakini sikuzote kwenye joto lililozidi kidogo lile tulilotaka. Ili kibaki wazi, lazima joto liwe limezidi. Likiacha kuzidi, kinafunga. Nilipobadili sproketi ili kiwe kikali zaidi, kikaanza tena kulewa. Kwa hiyo joto lile la ziada, masalio yale, liliondolewa kwa mkono: shemeji, na mguu wake ule, alipanda ngazi kila alipoongeza kuni, akausogeza ubao juu kidogo kwa kidole gumba ili kidirisha kifunguke zaidi, akashuka. Alifanya hivyo misimu yote aliyolinda bani lile.

Nimewauliza mafundi wa magari, wa saa na wa redio. Wote walinijibu haraka mno. Basi wewe unayesoma, kama unajua namna ya kukifanya kidirisha kiyaondoe chenyewe masalio yale, polepole, bila kurudia kuyumba, tafadhali nieleze.