Hati za Mshahara Zenye Alama za Mafuta

Siku yangu ya kwanza katika tawi la benki la Karatu, Mkuu wa Mikopo hakuniuliza jina. Alinisukumia faili moja juu ya meza akasema, "Humu ndani kuna uongo. Utafute."

Nilisoma kutwa nzima. Ilikuwa ni maombi ya mkulima wa Endabash. Saa kumi nikamrudishia, nikamwambia sijaona kitu. Akalifungua, akalinusa.

"Hunusi moshi? Hizi karatasi zimekaa juu ya jiko. Mtu anayetunza hati zake jikoni atatutunzia nyumba? Benki si jiko, kijana."

Yule mkulima alikataliwa. Nilikuwa mgeni wa kazi, nikaandika kwenye daftari langu: karatasi chafu, mtu wa mashaka. Niliishi na sentensi hiyo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwa vijana wanaosoma haya nieleze kazi yenyewe. Mkopo wa nyumba ni fedha ambazo benki inakupa ununue au ujenge, na nyumba hiyohiyo inawekwa rehani, yaani ukishindwa kulipa, benki ina haki ya kuiuza. Kwa hiyo afisa mikopo anakagua vitu viwili: nyumba na mtu. Kwa nyumba, anataka hati miliki isiyo na mgogoro, taarifa ya mthamini inayosema ina thamani gani, na ridhaa ya mwenza kama mwombaji ana ndoa. Kwa mtu, anataka kujua kipato chake. Makato yote yakishatolewa, angalau theluthi ya mshahara ibaki mkononi mwake, maana mtu asiye na cha kula halipi benki. Maneno ni mepesi. Ugumu ni kwamba kila karatasi kati ya hizo inaweza kutengenezwa, na niliwahi kuletewa hata ridhaa ya mke aliyekwisha kufariki.

Baada ya Karatu nilipelekwa Loliondo, kwenye kituo kidogo cha huduma. Meneja wa kule alikuwa mtu wa maneno machache na buti zenye vumbi. Siku moja mzee wa kifugaji alikuja kuomba mkopo wa kujenga nyumba ya bati, akaambiwa ng'ombe wake hawawezi kuwa rehani.

"Nyumba mnaipokea," akasema mzee.

"Tunaipokea, baba."

"Nyumba haitembei, haizai, haina maziwa. Ng'ombe mnamkataa?"

"Tunamkataa kwa sababu anatembea," Meneja akajibu.

Mzee alicheka mpaka akajifuta macho kwa shuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Basi hofu yenu si umaskini wetu. Hofu yenu ni miguu."

Meneja akaniambia, "Andika hilo kwenye ripoti ya mwezi." Nikaandika. Makao makuu hawakujibu.

Niliporudishwa Karatu nilikuwa Afisa Mikopo ya Nyumba, na Mkuu wa Mikopo alikuwa mwingine, mama mmoja mkali aliyesoma kila ukurasa kwa kidole. Ndipo ukaja mradi wa nyumba mpya kandokando ya mji. Kampuni ya ujenzi ilikuwa inazipanga mistari kama mahindi, na dalali wao, kijana mwenye miwani myeusi aliyetoka Dar, alikuwa anailetea benki wanunuzi. Mafaili yake yalikuwa ya kupendeza. Kila karatasi ilikuwa imenyooka, kila nakala ina mhuri, hakuna doa. Mkuu wangu wa zamani angeyapiga busu.

Faili la Veronika lilikuwa mojawapo. Alikuwa mpishi katika kambi ya watalii juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mama wa watoto wawili, asiye na ndoa. Alikuwa akikaa Endabash kwenye nyumba ya kaka yake, na kaka alikuwa amemwambia wazi kwamba anaoa baada ya mavuno na nyumba anaihitaji. Veronika alikuwa amelipa malipo ya awali kwa akiba yake yote. Kampuni ilimpa wiki mbili: benki ikikubali, nyumba ni yake, ikikataa, inakwenda kwa mwingine, na kurudishiwa pesa ni habari ndefu.

Hati zake za mshahara zilikuwa kumi na mbili, mwezi kwa mwezi, kiasi kilekile. Nilizipanga mezani nikazitazama. Kitu kilinikera na sikujua ni nini. Kisha macho yangu yakatua kwenye Aprili.

Mtu yeyote wa Karatu anaijua Aprili. Mvua za masika zinageuza barabara kuwa uji, wageni hawaji, na kambi nyingi za juu zinafunga. Wapishi, wahudumu na madereva wanarudi nyumbani kulima, na mshahara unapunguzwa au unasimama. Lakini hapa Aprili ilikuwa imelipwa kamili, na Mei pia. Nilivuta mafaili mengine matatu ya mradi huohuo. Kambi tofauti, waajiri tofauti, wote wamelipwa kamili masika. Aliyetengeneza hati hizi alijua kompyuta, ila hakuwahi kukaa hapa mvua ikinyesha.

Hilo halikumtoa Veronika kwenye mashaka yangu. Dalali anaweza kughushi, na mteja anaweza kumwomba aghushi. Nikamwita, nikaandaa mtego.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa. Aprili huwa unapika nini kule kambini?"

Akanitazama kama ninayemtania. "Aprili? Nani apande kule na tope lile? Tunafunga, baba. Mimi nakuwa Endabash napalilia."

"Na mshahara?"

"Wanatupa nusu mwezi wa kwanza. Baada ya hapo tunaomba Mungu Juni wakumbuke majina yetu."

Niliacha kuandika. Katika miaka yote nilikuwa nimezoea watu wanaoongeza mambo mazuri kwenye mafaili yao. Huyu alikuwa anaondoa. Nikaanza kushuku kwamba huo nao ni ujanja wa aina mpya. Nikamgeuzia hati ya Aprili.

Akaishika kwa ncha za vidole, akaisoma, akaigeuza nyuma. "Hii siyo yangu."

"Ina jina lako."

"Jina ni langu. Karatasi siyo. Zangu ziko kwenye mkebe wa majani ya chai, zimekunjwa, zina mafuta. Mimi ni mpishi, baba. Mhasibu anatuletea jikoni, unapokea ukiwa umeshika mwiko. Dalali aliziona akasema benki haipendi uchafu, atanisafishia."

"Alikutoza?"

"Kwa kusafisha, hapana. Alinitoza ada ya msamaha wa kodi."

Hapo nilivua miwani. Msamaha wenyewe upo kweli: nyumba mpya ya kuishi, ikiuzwa na mjenzi kwa bei isiyozidi kikomo cha sheria, haitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Lengo ni kumpunguzia mzigo mnunuzi wa kipato cha kawaida. Mnunuzi halipi ada yoyote kuupata. Msamaha uko kwenye sheria, hauko mfukoni mwa mtu. Nikaisoma upya barua ya ofa ya kampuni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: bei pamoja na kodi.

Yaani alikuwa amelipia kusamehewa kodi, na kodi bado imo kwenye bei.

Nilimpelekea Mkuu wa Mikopo faili. Akapitisha kidole mpaka mwisho.

"Kuna hati ya kughushi humu. Kanuni inasemaje?"

"Mwombaji anafungiwa mikopo."

"Sasa umesimama hapo unangoja nini?"

"Naomba siku tatu alete zile zenye mafuta."

Akanitazama juu ya miwani. "Umeanza kuamini watu, mzee?"

"Hapana, mama. Naamini mafuta."

Hakucheka, ila alisogeza faili upande wa kushoto wa meza, upande wa yanayongoja. Veronika alikuja na mkebe wake siku iliyofuata. Hati zilinuka kitunguu. Nikampigia simu mhasibu wa kambi, tukalinganisha moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa za kweli, pamoja na ile nusu ya Aprili na Mei tupu.

Kwa kipato hicho halisi hakufikia nyumba aliyoitaka, hata kodi ilipoondolewa. Alifikia ile ndogo ya mwisho wa mstari, inayokula vumbi la barabara. Aliipokea. Msimamizi wa mauzo wa kampuni alisema kodi ile ilikuwa kosa la uchapaji. Kosa hilo nililikuta kwenye barua zote nne. Dalali aliondoka mjini kabla ya mvua, na ada yake aliondoka nayo. Kama kampuni ilijua au haikujua, sikuweza kuthibitisha, na mpaka leo sijaacha kujiuliza.

Jambo jingine ninalojiuliza ni yule mkulima wa Endabash na karatasi zake za moshi. Nilimtafuta nilipokaribia kustaafu. Walisema alihama.

Sasa nimestaafu, nakaa hapahapa Karatu, na watu huniletea karatasi zao za nyumba nizisome kabla hawajasaini. Sitozi kitu. Wiki iliyopita Veronika alimleta mdogo wake, mwalimu wa Endamarariek, akiwa na barua ya ofa ndani ya bahasha. Niliingia ndani kuchukua miwani, nikawasikia uani.

"Anatoza kiasi gani?"

"Hatozi."

"Hatozi? Anapata nini sasa? Dada, twende zetu."

Veronika akaanza kumkemea. Nikatoka haraka nikamwambia amwache. Nikamvutia yule mwalimu kiti, nikakaa mbali naye kidogo, nikamwomba bahasha aishike mwenyewe na anisomee kwa sauti.