Maji ya Cucu na Heshima ya Mkwe

Nilianza kazi Jumanne saa nne kamili asubuhi, likizo ndefu ya Novemba, katika chumba cha dripu cha hospitali moja Meru mjini. Hakuna aliyeniajiri. Sista aliangalia benchi letu akauliza, "Nani hapa ataangalia huyu mama nyumbani?" Tata Wawira, shangazi yangu, akanisukuma mbele kama mbuzi wa mnada. Mimi, ambaye hata darasani hujibu nikiangalia dawati.

Sista akanieleza kazi. Cucu, nyanya yangu, ana saratani ya titi. Dawa yake ya kemo ikishapigana na uvimbe hutoka mwilini kupitia figo. "Na figo za umri huu ni kama chujio kuukuu la chai," alisema. "Maji yakikosekana, dawa inakaa hapo ikichoma. Anywe siku ya kuamkia dripu, anywe siku yenyewe, anywe kesho yake. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, hayo maji hayatoshi. Na zile tembe za magoti za dukani, mnyang'anye. Zinaumiza figo pia."

"Mimi si jerikani," Cucu akanung'unika kwa Kimbeere. Nikatafsiri. Sista akacheka.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa jikoni kwetu Ishiara, na huko nilifaulu. Uji mwepesi, maji ya ndimu, maji vuguvugu, vyote alikunywa akinitukana. Kituo cha pili kilikuwa kiti cha nyuma cha gari la Anko, mume wa Tata, mwenye duka la mbolea sokoni. Huko ndiko nilishindwa.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawazoeani. Anko alitupeleka Meru kila mara bila kunung'unika, naye Cucu alijifunika leso hadi puani akiangalia dirisha. Salamu zilipitia kwangu. "Mwambie barabara ina matope." "Mwambie nimesikia." Mama wa namna hiyo hawezi kusema gari lisimame aende kichakani. Basi kila tulipokuwa na safari, hakugusa maji tangu mchana wa siku iliyotangulia. Hospitalini pia alikataa, maana njia ya kurudi ni ile ile. Kikombe nilichompa nyumbani jioni ya kuamkia safari aliwamwagia kuku.

Nikamwambia Tata. Alikuwa anachambua ndengu.

"Tata, Anko awe anasimama njiani, Cucu ashuke."

"Ashuke afanye nini?"

"Ajisaidie. Sista alisema lazima anywe..."

"Aki wewe! Mzee wangu akae kwa gari akingoja mama mkwe wake achuchumae kwa mtama? Hayo ndiyo mnasoma fomu tatu? Thubutu umwambie."

Anko sikumwambia. Kunyamaza ni kazi niliyozaliwa nikiijua.

Mara ya tatu, Daktari alisoma majibu ya damu, akarudia kuyasoma. "Kretinini imepanda," akasema. Hiyo ni takataka ambayo figo zinafaa kuitoa kwenye damu. Ikijaa, figo zimechoka. "Kemo naisimamisha. Na inauma, kwa sababu uvimbe ulikuwa umeanza kunywea. Arudi kesho tumwekee dripu ya maji. Figo zikiamka, tutaendelea. Zisipoamka..." Akaacha hapo. "Cucu, ulikuwa unakunywa maji?"

Cucu akaangalia viatu vyake. Tata ndiye alijibu, upesi. "Wa maji alikuwa huyu msichana."

Wote wakanigeukia.

Jioni hiyo Tata akanistaafisha. "Shule inafunguliwa Jumatatu. Mamangu nitamwangalia mwenyewe." Waliostaafu husema wameachia vijana kazi. Mimi niliwaachia wazee, ndiyo maana sikupata usingizi.

Asubuhi iliyofuata Anko alikuwa anapangusa kioo cha gari. Cucu ameshafunga leso, Tata bado anafunga mlango. Nikabeba jagi na kikombe hadi pale, nikaongea nikiangalia gurudumu.

"Anko, leo utasimama njiani, ushuke uende mbali kidogo. Cucu lazima anywe, na akinywa lazima akojoe."

Tata akaita jina langu lote, mpaka la ubatizo.

Kitambaa kikasimama kwenye kioo. "Ni hiyo tu?" Anko akauliza. "Si mngeniambia? Ningesimama hata kila kilima."

Alitugeuzia mgongo, akaenda kusimama akiangalia mtama wa jirani. Nikamimina. Cucu akashusha leso, akanywa kikombe chote, akaninyooshea tena.