Niliwafungia Mawakala Folda Zao, Sasa Mtoto wa Dada Yangu Yumo Ndani

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi Ndosho, hapa Goma. Natunza seva ya ofisi inayosaidia watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Mawakala wetu kambini hutuma humo picha za watoto waliookotwa na maombi ya wazazi wanaowatafuta.

Zamani kila wakala aliweza kuchungulia folda za wenzake, na watoto wengi walitambuliwa hivyo, upesi. Halafu picha zikavuja, mwanamke tusiyemjua akaja kudai mtoto ambaye si wake. Chef, yaani mkuu wa ofisi yetu, akaniamuru nimfungie kila wakala ndani ya folda ya kambi yake tu. Nikafanya. Kulinganisha picha kukabaki kazi ya chef peke yake, nami nikatia sahihi kwamba ninachokiona kwenye seva hakitoki mdomoni mwangu. Vita vilipokaribia, chef alivuka mpaka. Simu yake haipatikani mpaka leo, na hakuna aliyeshika kazi yake.

Dada yangu mkubwa alikimbia kutoka mji wa Sake, akampoteza binti yake Neema barabarani. Ombi lake aliliandikisha kambi ya Lac Vert, liko kwenye folda ya huko, mwenyewe analala sebuleni kwangu.

Wiki hii nilikuwa nakagua kama mafaili yamefika, nikamwona mtoto kwenye folda ya kambi ya Munigi. Amekonda, jina aliloandikiwa ni jingine, lakini kovu la moto kidevuni ni lile lile la Neema. Nadhani. Mara ya mwisho nilimwona akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

Nilipofika nyumbani dada aliniuliza, "Weye kila siku unafunguaka ile mashini. Mutoto wangu haujamuona hata mu picha moya?"

"Bado, yaya," nikamjibu dada yangu. Akarudi kuchambua majani ya sombe. Jamani, nilijichukia.

Nikimwambia, kisha asiwe Neema, nitakuwa nimemmaliza. Nikimfungulia wakala wa Munigi folda ya Lac Vert aone ombi la dada, navunja ahadi inayowalinda watoto wote, na kazi hii ndiyo inatulisha. Nikinyamaza, watoto wa Munigi watahamishwa wiki ijayo, na sisi mafundi hatuambiwi wanapelekwa wapi.

Ndugu zangu, nyinyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Nishaurini, nimekwama. Chini ya picha ya yule mtoto wakala ameandika, wala simlaumu, maana mimi ndiye niliyemfungia asione kwingine: "Hakuna mutu anamutafuta."